Uso wa Mgombea na Ulimi wa Mpinzani: Maswali ya Wasomaji

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu midahalo ya wagombea na kampeni za kuchafuana. Barua zimekuja kutoka pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, na nyingi zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Nimechagua nne. Mbili za mwanzo nimezijibu kwa urefu, kwa sababu ndizo zilizonilazimu kufungua majalada ya zamani.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi hufundisha somo la Uraia katika shule ya sekondari. Kila ninapofika kwenye mada ya uchaguzi huwasimulia wanafunzi kisa cha Kennedy na Nixon, waliogombea urais wa Marekani mwaka 1960, kwamba waliosikiliza mdahalo wao kwa redio walimpa ushindi Nixon, na waliotazama kwa televisheni wakampa Kennedy. Juzi mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne aliniuliza ni nani aliyewahesabu hao wasikilizaji wa redio, nikakosa jibu. Je, kisa hiki ni cha kweli? Na kama ni cha kweli, tuseme watu hupiga kura kwa macho?
*Mwalimu, Morogoro*

JIBU: Mpongeze mwanafunzi huyo, kwa kuwa ameuliza swali ambalo wengi waliokisimulia kisa hiki kwa zaidi ya miaka 60 hawakujisumbua kuliuliza. Mdahalo wenyewe ulifanyika tarehe 26 Septemba 1960 katika studio ya televisheni mjini Chicago, ukatazamwa na watu wapatao milioni 70. Nixon aliingia humo akiwa mgonjwa wa juzi. Mwezi Agosti alikuwa amejigonga goti kwenye mlango wa gari, jeraha likapata maambukizi, akalazwa karibu wiki mbili, na alipotoka hospitali alikuwa amekonda hata kola ya shati inampwaya. Alikataa kupambwa uso na wataalamu, akajipaka poda tu ya kuficha ndevu. Suti yake ya kijivu ilififia mbele ya ukuta wa studio, na taa zilipowaka jasho likaanza kumtoka. Kennedy alivaa suti ya rangi nzito, uso wake ulikuwa umekolea jua la kampeni, na alipojibu aliitazama kamera, yaani alimtazama mwananchi aliyekaa sebuleni kwake, wakati Nixon mara nyingi alimwelekea mpinzani wake kana kwamba wako mahakamani.

Hayo hayana ubishi. Habari ya redio ndiyo yenye miguu dhaifu. Imeegemea zaidi utafiti wa kampuni moja ya maoni, ambayo katika watu zaidi ya 2,000 iliowahoji ilipata wasikilizaji wa redio wasiofika 300. Isitoshe, mwaka 1960 karibu kaya tisa katika kila kumi nchini Marekani zilikuwa na televisheni, kwa hiyo inakupasa kujiuliza nani alikuwa bado anasikiliza kwa redio. Wengi wao walikuwa watu wa mashambani, na huko mashambani walikuwako Waprotestanti wengi waliomwonea shaka Kennedy kwa Ukatoliki wake hata kabla hajafungua mdomo. Inawezekana kabisa kwamba redio haikubadilisha chochote, ikawa tu imekusanya watu ambao tangu hapo walikuwa wa Nixon. Mwambie mwanafunzi wako kwamba kisa hakijathibitishwa, na kwamba Kennedy alishinda kwa tofauti ya kura kama 112,000 katika kura zaidi ya milioni 68. Tofauti ndogo kiasi hicho kila mtu anaweza kuifanyia hekaya yake: mwingine atataja jasho, mwingine dini, mwingine hali ya uchumi wa mwaka ule.

Hata hivyo nisingependa mtoke darasani mkiamini kwamba sura haikufanya kazi. Ilifanya, ila si kazi ile inayosimuliwa. Kennedy alikuwa na miaka 43, na hoja kubwa iliyotumiwa kumpinga ilikuwa kwamba bado ni mchanga, hajapevuka kwa uongozi wa taifa, wakati mpinzani wake alikuwa amekaa miaka karibu minane katika kiti cha makamu wa rais. Usiku ule wawili hao walisimama kwenye jukwaa moja, wakapewa muda sawa, na yule aliyeitwa mchanga akaonekana mtulivu kuliko mzoefu. Hakuhitaji kusema “mimi si mchanga”. Kusimama kwake kulijibu shutuma iliyokuwa ikizunguka nchi nzima. Hapo ndipo ninapoanzia katika barua zote za leo: mwenendo wa mgombea kwenye mdahalo husomwa na watazamaji kama jibu la jambo ambalo wapinzani wamekuwa wakilisema juu yake.

Ukitaka mfano wa upande wa pili, wape habari za Al Gore, aliyegombea urais wa Marekani mwaka 2000. Katika mdahalo wa kwanza mjini Boston, tarehe 3 Oktoba, kila George W. Bush aliposema jambo asilolipenda, Gore alishusha pumzi kwa sauti, akatikisa kichwa, akageuza macho. Watazamaji waliopigiwa simu mara tu baada ya mdahalo wengi wao walisema Gore ndiye aliyeshinda. Kisha vituo vya televisheni vikazikusanya zile pumzi, vikazirudia siku baada ya siku, wachekeshaji nao wakazifanyia maigizo, na mshindi wa Jumanne akawa kichekesho kabla wiki haijaisha. Washauri wake walimwonyesha moja ya maigizo hayo ili ajirekebishe. Katika mdahalo wa pili akawa mpole hata akapooza. Katika wa tatu akamsogelea Bush karibu kumgusa, Bush akamtazama, akampa ishara ya kichwa kama anayemwitikia jirani njiani, na ukumbi ukacheka. Tukumbuke kwamba wapinzani wa Gore walikuwa wakimsema kila siku kuwa ni mtu asiyejijua, anayejigeuza kufuatana na upepo. Yeye akaleta Gore watatu katika majuma matatu. Uchaguzi ule uliamuliwa kwa kura 537 za jimbo la Florida.

SWALI: Bwana Mhariri, sisi watu wa pwani hatushangazwi na mipasho, tumekulia kwenye ngoma. Lakini kila uchaguzi nasikia wasomi wakisema kampeni za matusi humrudia mwenyewe anayetukana, na kila uchaguzi wagombea wanaendelea kutukanana. Kama kweli humrudia, mbona hawaachi? Matope humchafua nani, anayerushiwa au anayerusha?
*Msomaji wa Likoni, Mombasa*

JIBU: Bwana wa Likoni, umelileta swali hadi kwenye taarabu, nami nitaanzia huko huko. Mpasho haumchomi mtu kwa ukali wa maneno yake. Mwimbaji anaweza kutunga beti kumi za kumkejeli mwanamke fulani kwa uvivu, na kama mtaa mzima unajua kwamba mwanamke huyo huamka alfajiri kukanda maandazi, beti zote kumi zitaanguka chini. Lakini ubeti mmoja mpole unaogusa jambo ambalo watu walikuwa wakilinong’ona tayari humfanya ajifunike khanga uso. Wazee walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja, na mafundi wa kampeni chafu hulijua hilo kuliko sisi: hawabuni doa jipya, hutafuta lililofifia wakalikoleza.

Sijapata kusoma kisa kinachoonyesha hili vizuri kuliko cha Michael Dukakis, gavana wa Massachusetts, aliyegombea urais wa Marekani mwaka 1988 dhidi ya George Bush mkubwa, baba wa yule aliyeshindana na Gore. Mwezi Julai, baada ya mkutano mkuu wa chama chake, utafiti wa maoni ulimweka mbele kwa asilimia 17. Katika jimbo lake kulikuwa na utaratibu wa kuwapa wafungwa ruhusa ya kutoka gerezani kwa siku chache. Mfungwa mmoja aliyehukumiwa kwa mauaji, Willie Horton, mwanamume mweusi, alitoka kwa ruhusa hiyo mwaka 1986 na hakurudi. Mwaka uliofuata, huko Maryland, alimbaka mwanamke na kumchoma kisu mchumba wake. Utaratibu wenyewe ulianzishwa chini ya gavana wa chama cha Bush, lakini Dukakis alikuwa amekataa kutia sahihi muswada ambao ungewanyima ruhusa hiyo wauaji. Doa lilikuwepo, basi. Kundi lililosema halina uhusiano na kampeni ya Bush lilirusha tangazo lenye picha ya uso wa Horton, na hofu ya Wazungu kwa mtu mweusi ikafanya kazi ambayo maneno yasingeweza kuifanya. Kampeni yenyewe ya Bush ikarusha tangazo lake, lisilotaja jina, likionyesha wafungwa wakipita kwenye lango la kuzunguka, wakiingia na kutoka.

Dukakis hakujibu. Aliona ni upuuzi ambao wananchi wataupuuza, na miaka mingi baadaye amekuwa akikiri kwamba kosa lake kubwa lilikuwa hilo. Septemba alipanda kifaru cha jeshi huko Michigan, akiwa na kofia kubwa ya chuma kichwani, ili aonekane imara katika mambo ya ulinzi. Alionekana kama mtoto aliyevaa kofia ya babake, na wapinzani wakaichukua picha hiyo hiyo wakaitengenezea tangazo. Halafu ikaja tarehe 13 Oktoba, mdahalo wa pili, mjini Los Angeles. Mwendesha mdahalo, Bernard Shaw, alifungua kwa kumuuliza kama angetaka muuaji anyongwe iwapo mkewe, Kitty, angebakwa na kuuawa. Lilikuwa swali katili, na sina hakika kama lilikuwa na haki ya kuulizwa. Dukakis alijibu papo hapo kwamba hapana, kwamba amepinga adhabu ya kifo maisha yake yote, na kwamba hajaona ushahidi kuwa inapunguza uhalifu. Ukiyasoma maneno yake kwenye karatasi utaona ni jibu la mtu mwenye msimamo. Lakini alilitoa kwa sauti ile ile ambayo angetumia kueleza bajeti ya barabara. Hakumeza mate, wala hakukiri kwamba kama mume angetamani kumkaba mtu huyo kwa mikono yake.

Kwa miezi mitatu wapinzani walikuwa wamesema kwamba mtu huyu anawahurumia wauaji na hana hisia kwa waliodhulumiwa. Kwa sekunde chache akaonekana kulithibitisha yeye mwenyewe, mbele ya mamilioni, bila kusukumwa. Tangazo lile lisingeleta madhara makubwa kiasi hicho lingekutana na mtu mwenye machozi ya karibu, na jibu lile lingesahauliwa kama halikutanguliwa na tangazo. Bush alishinda majimbo 40. Meneja wa kampeni yake, Lee Atwater, alipokuwa akifa kwa uvimbe wa ubongo mwaka 1991, alimwomba radhi Dukakis hadharani kwa ukatili wa kampeni ile, lakini Bush alikuwa tayari Ikulu mwaka wa tatu.

Hiyo ndiyo sababu hawaachi, bwana. Lakini wasomi wako nao hawakusema uongo. Mwaka 1993 nchini Kanada chama tawala cha Conservative kilirusha tangazo lililokuza picha za uso wa Jean Chrétien, ambao tangu utotoni ulikuwa umepooza upande mmoja, na sauti zikiuliza kama huyo ni mtu wa kuwa waziri mkuu. Ghadhabu ilikuwa kubwa hata ndani ya chama chenyewe, na tangazo likaondolewa upesi. Chrétien akawaambia watu kwamba ni kweli yeye husema kwa upande mmoja wa mdomo, tofauti na wapinzani wake wanaosema kwa pande zote mbili. Chama kile kilichokuwa na wingi bungeni kikabaki na viti viwili. Mengine mengi yalikiangusha, uchumi kwanza, lakini tangazo lile lilikifunga jeneza. Ona tofauti: tendo la gavana ni lake, anaweza kudaiwa maelezo, lakini uso uliopooza hakuuchagua, na mtazamaji aliyewahi kuwa na ndugu mlemavu alijihisi yeye ndiye anayechekwa.

Jambo jingine hutokea pale wagombea wanapozidi wawili. Huko Iowa, jimbo la Marekani, kwenye mchujo wa wagombea urais wa chama cha Democratic mwezi Januari 2004, Howard Dean na Dick Gephardt walirushiana matangazo ya kuchafuana hadi wapiga kura wakachoka nao wote wawili. John Kerry akapata asilimia 38, John Edwards 32, Dean 18, Gephardt 11. (Wengi hukumbuka ukelele alioupiga Dean usiku ule mbele ya wafuasi wake, uliorudiwa kwenye televisheni mamia ya mara, wakidhani ndio uliomwangusha. Alikuwa ameshaanguka saa chache kabla ya kupiga kelele.)

Kwenu Kenya, mwaka 2013, mlishuhudia namna ya tatu. Katika mdahalo wa kwanza wa urais, tarehe 11 Februari, Raila Odinga alimchoma Uhuru Kenyatta kwa kusema kwamba itakuwa vigumu kuendesha serikali kutoka The Hague kwa njia ya Skype. Watu walicheka, na doa lilikuwepo kweli, kwa kuwa Uhuru alikuwa na kesi huko The Hague, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Uhuru hakukasirika, aliiita kesi hiyo changamoto yake binafsi. Nje ya ukumbi, wakati huo huo, kambi yake ilikuwa imeshaigeuza shutuma ile ikawa hadithi ya mataifa makubwa yanayotaka kuwachagulia Wakenya viongozi, na maonyo ya wanadiplomasia wa kigeni, pamoja na yale ya Marekani kwamba uamuzi wa wapiga kura una matokeo yake, yaliipa hadithi hiyo nguvu. Mgombea mwenza wake, William Ruto, alikuwa na kesi huko huko, kwa hiyo shutuma iliyokusudiwa kuwatenga iliwaunganisha wafuasi wao. Utulivu wa Uhuru jukwaani haukutosha peke yake, lakini mgombea mwenye hasira asingeweza kuibeba hadithi ile.

Kilichobadilika tangu hapo ni kwamba mkono unaorusha hauonekani tena. Mwaka 2017 zilisambaa mtandaoni video zilizomchora Raila kama mtu atakayeleta njaa na vurugu, bila jina la aliyezitengeneza. Baadaye shirika la Privacy International la London lilizihusisha na kampuni ya Marekani, Harris Media ya Texas. Swali lako la nani huchafuka lilikuwa na maana wakati mrushaji alipolazimika kusimama mbele ya watu na matope mkononi. Asipoonekana, hakuna kinachomrudia.

Na kuna shambulio lisilo na neno hata moja. Tanzania mwaka 2015, Edward Lowassa aligombea kupitia Chadema, chama ambacho kwa miaka kadhaa kilikuwa kikimwita fisadi, na hilo pekee liliwapa wapiga kura kazi ya kufuta kwa mkono mmoja walichokiandika kwa mwingine. Hotuba zake zilikuwa fupi, na minong’ono kuhusu afya yake ilikuwa mingi. Mpinzani wake, John Magufuli, akaanza kupiga pushapu jukwaani. Hakumtaja mtu wala hakuzungumzia ugonjwa, lakini umati ulielewa, ukashangilia. Ni kijembe safi kuliko vyote nilivyoviona katika siasa zetu, na hakuna kamati ya maadili ambayo ingeweza kukipokea kama malalamiko.

SWALI: Mhariri, mwaka 2017 Uhuru hakufika kwenye mdahalo, Raila akajibu maswali peke yake. Mwaka 2022 Raila hakufika, Ruto akajibu peke yake. Je, kutofika ni woga au ni hesabu?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Ni hesabu, ingawa watazamaji husoma woga. Anayejiona yuko mbele, au aliye madarakani, huamini kwamba kwenye mdahalo ana mengi ya kupoteza na machache ya kupata. Rais Museveni wa Uganda hakuhudhuria mdahalo wa Januari 2016, akasema midahalo ni ya wanafunzi wa shule, kisha Februari akahudhuria wa pili. Matokeo ya Kenya hayatoi kanuni: aliyekosa mwaka 2017 ndiye aliyetangazwa mshindi, uchaguzi ukafutwa na Mahakama ya Juu, akashinda tena marudio ambayo mpinzani wake aliyasusia; naye aliyekosa mwaka 2022 alishindwa kwa asilimia 48.85 dhidi ya 50.49. Kambi ya Raila ilieleza kwamba hawezi kushiriki jukwaa na mtu asiyejali maadili. Kwa maoni yangu kisingizio hicho kilimgharimu kuliko kutofika kwenyewe, kwa sababu kilimpa Ruto saa nzima ya kuyajibu hayo hayo ya maadili bila mtu wa kumkatiza.

Kufika na kung’ara nako si kura. Mohamed Abduba Dida, mwalimu aliyekuwa hajulikani, aliwapendeza Wakenya katika midahalo ya 2013 kwa ucheshi na mifano yake. Alipata chini ya nusu ya asilimia moja.

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Mimi ni binti wa miaka 29, ninajiandaa kugombea udiwani katika kata yetu. Redio ya jamii imetualika wagombea kwenye mdahalo, na utarushwa pia mubashara kwa simu. Kwenye makundi ya WhatsApp wananiita mtoto wa juzi, wengine wanasema mwanamke asiyeolewa hawezi kuongoza kata. Nijibu au ninyamaze? Na nikiwa pale nikae vipi?
*Binti wa Tanga*

JIBU: Marahaba, binti yangu. Shutuma hizo ni mbili, na usizijibu kwa namna moja.

Ile ya umri ijibu, na uijibu kwa kucheka. Mwaka 1984 Rais Ronald Reagan wa Marekani, aliyekuwa akigombea tena, alikuwa na miaka 73, na katika mdahalo wa kwanza alijikwaa vibaya hata watu wakaanza kuuliza kama akili yake bado iko sawa. Kwenye mdahalo wa pili, mjini Kansas City, aliulizwa waziwazi kuhusu umri wake, akasema hataufanya umri kuwa hoja ya kampeni, wala hatatumia kisiasa ujana na uchanga wa mpinzani wake. Mpinzani mwenyewe, Walter Mondale mwenye miaka 56, alicheka. Reagan alikuwa amejiandaa, nawe jiandae. Tafuta kitu kimoja kilichofanyika katika kata yenu ambacho ulikishughulikia wewe, kisima, choo cha shule, mkopo wa kikundi cha akina mama, na ukitaje mara tu baada ya mzaha wako. Mzaha bila kazi nyuma yake utakufanya uonekane mtoto kweli.

Hiyo ya ndoa usiibebe hadi jukwaani. Ukiulizwa, jibu kwa sentensi moja na urudi kwenye maji na barabara. Anayeileta ana hatari ya kuwaudhi wajane, waliotalikiwa na dada zao, ambao katika kata yoyote ni wengi na hupiga kura. Kama maneno yamevuka hadi kwenye matusi, vyama husaini maadili ya uchaguzi yanayokataza lugha hiyo, na malalamiko hupelekwa kwenye kamati ya maadili. Mtume wakala wako apeleke, na picha za jumbe zenyewe zikiwa na tarehe. Wewe usionekane ukikimbia huku na huko na simu mkononi.

Kuhusu namna ya kukaa, nitakueleza jambo lisilo la haki, lakini ni afadhali ulijue mapema. Mwanamume akipandisha sauti huambiwa ana uchungu na nchi, mwanamke akipandisha sauti ile ile huambiwa ana hasira za nyumbani. Mwaka 2016, katika mdahalo wa St. Louis, Donald Trump alikuwa akisimama nyuma ya Hillary Clinton wakati yeye anazungumza. Clinton aliendelea kana kwamba hamwoni, na baadaye aliandika kwamba alijiuliza kama angepaswa kugeuka na kumwambia asogee nyuma. Mimi nadhani angegeuka, mara moja tu, kwa sauti ya chini. Mpinzani wako akikukatiza, nyamaza, mtazame hadi amalize, kisha mwambie mwendesha mdahalo kwamba unaomba muda wako. Watakaokuwa wakikuona kwa simu wataona pia uso wako wakati si zamu yako kusema. Huo ndio uliomponza Gore, kwa hiyo mpe mtu wa nyumbani akae mkabala nawe siku za mazoezi, aseme mambo ya kukuudhi, na mwingine akurekodi usoni tu.

Jambo la mwisho ni dogo. Mwaka 1992, huko Richmond, Bush yule aliyemshinda Dukakis alionekana kwenye kamera akitazama saa yake wakati mwanamke mmoja ukumbini akiwauliza wagombea namna hali ya uchumi ilivyowagusa wao wenyewe. Wapinzani walikuwa wakisema amewasahau watu wenye shida, na mwenyewe alikiri baadaye kwamba alikuwa akihesabu dakika zilizobaki. Mpinzani wake, Bill Clinton, alipofikiwa alisimama, akamsogelea mwanamke yule, akamuuliza yeye ameguswa vipi. Basi siku hiyo saa yako iache nyumbani; muda atautunza mwendesha mdahalo.